Barua kwa Mhariri: Kisonono kisiitwe UTI

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie neno moja lililokuwa likinikera tangu nikiwa kazini, na ambalo sasa, nikiwa mstaafu, nalisikia hata ndani ya daladala. Neno lenyewe ni UTI, kifupi cha Kiingereza cha maambukizi ya njia ya mkojo. Majuma machache yaliyopita ukurasa wenu wa afya ulichapa makala ndefu kuhusu kile kinachoitwa "UTI sugu", ikieleza kwamba ni maradhi ya mkojo yanayowarudia wanaume na wanawake kila mara, na kwamba dawa yake ni maji mengi, usafi na kumaliza dozi. Niliisoma mara mbili nikilitafuta neno kisonono. Sikulikuta.

Sisemi kwamba maambukizi ya njia ya mkojo hayapo. Yapo, tena ni mengi, na huwasumbua zaidi wanawake kwa sababu mrija wao wa mkojo ni mfupi na uko karibu na njia ya haja kubwa. Lakini mwanamume wa miaka 25, mzima wa afya, anayeamka asubuhi akakuta usaha wa njano kwenye chupi na anayekojoa huku amekaza meno, siku nne baada ya kulala na mtu asiyemfahamu vizuri, huyo kwa kawaida hana UTI. Ana ugonjwa wa zinaa, na mara nyingi ugonjwa huo ni kisonono. Kila tabibu aliyewahi kukaa chumba cha wagonjwa wa nje analijua hilo. Tunamwandikia UTI kwa sababu tunataka kumsitiri, na yeye anaondoka na jina analoweza kulitamka mbele ya mkewe, mbele ya bosi wake na mbele ya muuza dawa.

Nitatoa mfano, na kosa lililomo ndani yake ni langu mwenyewe. Nikiwa katika zahanati moja ya kijijini kando ya Ziwa Victoria, alikuja kijana dereva wa bodaboda akiwa na dalili hizo nilizozitaja. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia ngumu mapajani, akazungumza kwa sauti ya chini huku akitupa jicho mlangoni, maana nje kwenye benchi alikuwa amekaa mkewe, mjamzito wa miezi saba, aliyekuja kliniki siku hiyo hiyo. Nilimchoma sindano na kumpa vidonge. Kisha akaniuliza, "Daktari, nikitoka hapa nimwambie nini?" Nikachukua daftari lake nikaandika: UTI. Alinishukuru sana. Mkewe akapimwa na muuguzi, akaambiwa mtoto anacheza vizuri, wakapanda pikipiki wakaenda zao.

Mama yule alijifungulia nyumbani. Siku ya nne alirudi na kichanga kilichofunikwa khanga, kope zimevimba mpaka macho hayafunguki, na nilipojaribu kuzitenganisha kwa pamba iliyolowa usaha ulichuruzika mpaka shavuni. Tuliyaosha macho yale kwa maji ya chumvi mara kwa mara, tukamchoma mtoto sindano, tukampa rufaa kwenda hospitali ya wilaya. Jicho la kulia lilipona. La kushoto lilibaki na kovu jeupe katikati. Mama aliamini, na nadhani anaamini hadi leo, kwamba mtoto aliingiwa na uchafu wakati wa kuzaliwa. Aliyejua ukweli ni mimi, na katika daftari la mumewe, kwa mwandiko wangu, palikuwa pameandikwa UTI.

Mtoto anayezaliwa na mama mwenye kisonono, asipopakwa dawa ya macho mara baada ya kuzaliwa, ana uwezekano wa kati ya asilimia 30 na 50 wa kuupata ugonjwa huo machoni. Jambo hili si geni hata kidogo. Daktari Carl Credé wa Leipzig alianza mwaka 1880 kuwadondoshea vichanga matone ya naitreti ya fedha, na ugonjwa huo wa macho hospitalini kwake ukapungua mno. Karne moja baadaye, mwaka 1988, utafiti uliofanyika Nairobi ukaonyesha kwamba mafuta ya macho ya tetrasaiklini, ambayo ni rahisi na hayachomi, yanafanya kazi hiyo hiyo vizuri. Mrija wa mafuta hayo haukosekani katika wodi nyingi za wazazi. Lakini mafuta ni kinga ya mlango wa mwisho. Kama ningemwita yule mama ndani nikamtibu pamoja na mumewe, mtoto angezaliwa bila hatari yoyote ya aina hiyo.

Kinacholipa jina la UTI nguvu ni kwamba linakuja na muhuri wa maabara. Mgonjwa anapewa kikopo, anakojoa, mkojo unatazamwa kwenye darubini, na majibu yanarudi yakisema "pus cells" ni nyingi. Kuanzia hapo hakuna anayeuliza zaidi. Seli za usaha zinaonyesha tu kwamba mahali fulani kwenye njia ile kuna vita. Hazisemi adui ni nani. Kisonono kinazijaza kwenye mkojo sawasawa na bakteria wa kawaida wa kibofu. Hata mkojo ukioteshwa, kimelea cha kisonono hakitaota kwenye chakula cha kawaida cha maabara, maana ni kidudu kinachotaka kudekezwa: kinataka chakula kilichotengenezwa kwa damu iliyopashwa moto na hewa iliyoongezwa kaboni dayoksaidi, na kikicheleweshwa njiani hufa. Kwa hiyo majibu yatasema hakuna kilichoota, mgonjwa ataambiwa UTI yake ni sugu, naye atarudi dukani. Kwa mwanamume kungekuwa na njia rahisi zaidi. Ukichukua usaha wenyewe, ukaupaka kwenye kioo na kuutia rangi, utawaona vimelea wamekaa wawili wawili ndani ya seli nyeupe kama punje za kahawa zilizotazamana. Ni kazi ya dakika chache. Nimeona zahanati zenye darubini na rangi zote kabatini ambazo kipimo hicho hakijafanywa mwaka mzima kwa sababu hakuna tabibu aliyekiomba.

Sasa tuangalie jina hilo linamfanya nini mgonjwa. La kwanza ni dawa. Mtu akisema dukani kwamba ana UTI, atapewa antibiotiki kama sipro, au doksi, au chochote ambacho jirani yake alipewa mwezi uliopita, ingawa sheria inataka cheti cha daktari. Takwimu ambazo Shirika la Afya Duniani lilizitoa Novemba 2025, zilizokusanywa kutoka nchi 12, majirani zetu Uganda wakiwamo, zilionyesha kwamba asilimia 95 ya vimelea vya kisonono vilivyopimwa havikuguswa na sipro. Yaani anayetibu kisonono kwa sipro leo, katika kila wagonjwa 20 anaweza kutarajia kumponya mmoja. Hao wengine 19 wanaweza kupata nafuu ya muda, maana usaha hupungua wenyewe baada ya majuma kadhaa hata bila dawa, wakajiona wamepona, huku wakiendelea kuambukiza.

Historia ya dawa za ugonjwa huu ingepaswa kututia hofu zaidi kuliko inavyofanya. Dawa za salfa zilipoingia miaka ya 1930 zilionekana kama muujiza, lakini kufikia katikati ya miaka ya 1940 zilikuwa zimechoka. Ikaja penisilini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwanzoni kiasi kidogo kilitosha. Baadaye kikapandishwa, kikapandishwa tena, hadi mgonjwa akawa anachomwa sindano kubwa mbili kwa mkupuo, na mwaka 1976 wakagunduliwa vimelea wenye uwezo wa kuivunjavunja penisilini kabisa, wengine chanzo chao Asia ya Kusini Mashariki na wengine Afrika Magharibi. Tetrasaiklini ikafuata njia hiyo hiyo, kisha sipro. Mwaka 2009 huko Kyoto, Japani, kimelea kilichotolewa kwenye koo la mwanamke mmoja kilikutwa kikihimili seftriaksoni, ile sindano ambayo ndiyo tegemeo letu la mwisho. Mwaka 2018 Uingereza ikampata mwanamume aliyeambukizwa akiwa Asia ya Kusini Mashariki, ambaye seftriaksoni na azithromaisini zote mbili zilishindwa kumtibu; ilibidi apewe kwa siku tatu dawa ya kuingizwa mshipani ambayo katika zahanati zetu haipo na haitakuwepo karibuni.

Seftriaksoni bado inafanya kazi kwa wagonjwa walio wengi. Lakini katika takwimu zile zile nilizozitaja, vimelea wanaoihimili walipanda kutoka asilimia 0.8 mwaka 2022 hadi asilimia 5 mwaka 2024, viwango vya juu kabisa vikiwa Kambodia na Vietnam. Dawa mbili mpya, zoliflodasini na gepotidasini, zimefaulu majaribio ya mwisho, ya kwanza ikijaribiwa pia Afrika Kusini, nazo ni habari njema. Zikitufikia huku kwetu na zikauzwa kama pipi kwa kila anayesema "nawashwa nikikojoa", tutazimaliza kama tulivyomaliza zilizotangulia.

La pili, na kwangu mimi ndilo kubwa, ni mwenza. UTI haina mwenza. Mtu mwenye UTI hana wajibu wa kumwambia yeyote, hana wa kumleta kliniki, anameza dawa zake peke yake na usiku anarudi kitanda kile kile. Kisonono hakimwachii mtu kinga. Aliyepona jana anaweza kuambukizwa tena leo na mtu yule yule. Ndiyo maana nikisikia mtu akilalamika kwamba UTI yake inarudi kila baada ya mwezi, swali langu la kwanza huwa si aina ya choo anachotumia. Vyoo vya kuchangia vimebebeshwa lawama nyingi sana katika nchi hii. Kimelea cha kisonono hakiishi muda wa maana nje ya mwili wa binadamu, na wala hakirukii mtu kutoka kwenye sinki.

Kwa wanawake hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa walio wengi hawaoni dalili yoyote. Mwanamume anashtuliwa na maumivu kati ya siku ya pili na ya saba baada ya kuambukizwa. Mwanamke anaweza kukaa miezi bila kujua, huku ugonjwa ukipanda kutoka mlango wa kizazi hadi kwenye mirija. Waswahili husema mficha uchi hazai, na hapa methali hiyo ni kweli neno kwa neno. Mirija ikishapata makovu, yai halipiti, au linapita nusu na mimba inatunga nje ya kizazi, na mimba hiyo ikipasuka mama anaweza kufa kwa kuvuja damu kabla gari la wagonjwa halijafika. Nimewapokea wanawake waliozungushwa kwa waganga miaka saba, minane, wakitafuta mtoto, wakitukanwa na mawifi, ilhali mume alikwisha kutibiwa "UTI" yake mara tatu na hakuna aliyewahi kumwita mke. Tena mwongozo wetu wa kutibu kwa kufuata dalili, ambao kwa wanaume wenye usaha unafaa sana, kwa wanawake haufiki mbali: asiye na dalili haji, na anayekuja kwa ajili ya kutokwa na uchafu mara nyingi ana fangasi au tatizo lingine kabisa. Njia ya uhakika zaidi ya kumpata mwanamke huyo asiye na dalili bila kipimo cha gharama ni kupitia kwa mwanamume aliyekuja na usaha. Tukimwandikia UTI, tumeifunga njia hiyo.

La tatu nitalisema kwa ufupi. Kinachoandikwa kwenye rejista za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, ndicho kinachofika wilayani na wizarani, na dawa huagizwa kwa kufuata takwimu hizo. Kisonono kilichoandikwa UTI hakihesabiwi, hivyo hakitengewi bajeti. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu wazima wapatao milioni 82 waliambukizwa kisonono duniani. Sehemu yetu katika milioni hizo imelala kwenye madaftari chini ya jina lisilo lake.

Inanisikitisha zaidi kwa sababu ni mkoa huu huu wa Mwanza uliowahi kuifundisha dunia juu ya jambo hili. Kati ya mwaka 1991 na 1994, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, shirika la afya la AMREF na Chuo cha Usafi na Tiba za Tropiki cha London walifanya majaribio katika jamii 12 za vijijini. Katika jamii sita waliwafundisha wahudumu wa vituo vya kawaida, si mabingwa, kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili. Wakahakikisha dawa hazikosekani, wakawatembelea wahudumu mara kwa mara kuwasimamia, na wakawahimiza wanavijiji kuwahi matibabu. Majibu yalipochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi katika jamii hizo yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40. Nilikuwa kijana nikianza kazi, na nakumbuka jinsi tulivyotembea vifua mbele. Wenzetu wa Rakai, Uganda, walijaribu njia nyingine ya kuwagawia watu wote dawa kwa awamu, na mwaka 1999 wakaripoti kwamba haikupunguza Ukimwi. Wapo wanaoutumia mfano huo kusema kwamba ya Mwanza yalikuwa bahati. Mimi naona tofauti: Mwanza mgonjwa alipata tiba siku aliyoumwa, pale pale kijijini, na mlango haukufungwa mwaka mzima. Na Malawi, mwaka 1997, ilipimwa na kuonekana kwamba wanaume wenye virusi vya Ukimwi wanaotokwa na usaha walikuwa na virusi mara nane zaidi kwenye shahawa kuliko wenzao wasio na usaha, na kwamba virusi hivyo vilipungua baada ya kutibiwa.

Hayo yote yaliwezekana kwa sababu mhudumu alimwambia mgonjwa: una ugonjwa wa zinaa, mlete mwenzako. Aliambiwa kwa staha, mlango umefungwa, bila mahubiri. Kadi ndogo ya kumwita mwenza ilikuwapo, haikuandikwa jina la ugonjwa juu yake, na watu waliifuata zaidi ya tulivyotarajia. Siri ya mgonjwa inaweza kulindwa bila kumdanganya. Nilichomfanyia yule dereva wa bodaboda hakikuwa kulinda siri yake, na laiti ningempa dakika kumi zaidi, tukapanga pamoja namna ya kumweleza mkewe, nadhani angekubali; hakuwa mtu mbaya, alikuwa na hofu.

Kwa wenye maduka ya dawa muhimu ninaomba jambo dogo: mteja akitaja usaha, asiuziwe kitu, aelekezwe zahanati ambako sindano ipo. Najua ni kupoteza mauzo. Kwa waganga wakuu wa wilaya ninaomba waulize mashine za GeneXpert walizonazo, ambazo tumezizoea kwa kupima kifua kikuu, zinakaa bure saa ngapi kwa siku. Mashine hizo hizo, zikipewa katriji nyingine, hupima kisonono na klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, kwa muda wa saa moja na nusu, na mjamzito angeweza kupata majibu kabla hajatoka kliniki. Katriji ni ghali, sikatai. Zianze basi na wajawazito na wale wanaorudi kwa mara ya pili na "UTI" ile ile. Chanjo, kwa sasa, tuiweke pembeni: Uingereza ilianza Agosti 2025 kuwapa walio katika hatari zaidi chanjo ya homa ya uti wa mgongo ambayo hukinga kisonono kwa asilimia kati ya 30 na 40, nasi tutasubiri tuone.

Kwako Mhariri, ombi langu ni kwamba ukurasa wenu wa afya uirudie mada ile. Uwaeleze wasomaji kwamba usaha kwenye uume si mkojo mchafu. Kwamba mwanamke anaweza kuwa nao ugonjwa huo asione kitu. Kwamba sindano ya dozi moja inatosha ikichomwa na mtu anayejua anachokitibu. Kwamba mwenza lazima atibiwe, na wote wawili wakae siku saba bila kujamiiana. Na neno kisonono liandikwe kwenye kichwa cha habari, kwa herufi kubwa kama zile mlizoliandikia UTI. Mkihitaji mtu wa kuipitia makala hiyo kabla haijaenda mtamboni, mimi nipo, na siku hizi nina muda.

Tabibu mstaafu,
Mwanza.